Jina Asilolitamka Mama

Mwaka 1997, nikiwa na miaka kumi na miwili, mimi na mama yangu tuliteremka kwenye ndege upande wa Virginia tukiwa na masanduku mawili, na hatukutokea mlango waliotokea wenzetu. Shida zangu nazihesabu kuanzia hapo. Za nyuma yake zilikuwa umaskini tu, na umaskini tulikuwa tumeuzoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Nimekaa miaka yote hii bila kuandika habari hizi kwa sababu mbili. Kwanza, mimi sikusoma. Mkono wangu umezoea mwiko kuliko kalamu, na anayetaka kucheka maandishi yangu acheke, aje basi tuone na yeye anajua kukaanga nini. Pili, mama alikuwa hai, na mambo haya yalikuwa yake kabla hayajawa yangu. Sasa ametangulia. Mwezi uliopita nilifungua kisanduku chake cha bangili. Chini kabisa, chini ya zile za kioo, nikakuta utepe wa plastiki wa kuvaa mkononi, umekatwa kwa mkasi, una namba na herufi mbili. Ulikuwa bado unanuka. Msinibishie. Ulinuka ile dawa ya kusafishia sakafu, harufu ya limau lililotengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuona limau. Nikakaa chini sakafuni nikiwa na bangili za mama mapajani, mtu mzima mimi, ninayeitwa Mama Mkubwa na watu wenye mvi kunizidi.

Sisi ni Wahindi wa Tanga, Wakachi, Waislamu. Nyumbani tulisema Kikachi tukigombana na Kiswahili tukipatana. Baba alikuwa fundi saa. Alikuwa na kibanda chenye kioo mbele, na akikaa ndani na ile lenzi jichoni ulidhani ni mtu anayechungulia kesho. Kisha zikaja saa za plastiki za bei ya karanga, ikisimama unatupa, na hakuna aliyehitaji fundi tena. Nilipokuwa na miaka minane baba akaondoka kwenda Marekani. Barua zilikuja, na kaseti, maana mama alisoma Kigujarati tu na baba alichoka kuandika. Tuliweka kaseti kwenye redio ya jirani tukamsikiliza. Alifanya kazi katika ghala la samani huko Landover, alibeba makochi ya watu. Katika kila kaseti alikohoa kwanza, kikohozi kifupi cha mara mbili, kisha akasema salamu. Nilikuwa nakisubiri kile kikohozi kuliko salamu zenyewe.

Lazima nieleze jambo moja hapa, maana bila hilo hamtaelewa chochote. Kwetu, mke hamtaji mumewe kwa jina. Najua Waswahili nao humwita mtu baba fulani, lakini hiyo ni adabu. Kwetu ilikuwa ni hofu. Bibi yangu mzaa baba alinifundisha nikiwa bado sijaota meno ya pili kwamba mwanamke akitamka jina la mumewe anampunguzia siku, kila akilitaja siku moja inadondoka kama punje kwenye gunia lililotoboka. Baba aliitwa Ramadhani. Kwa hiyo mama hata mwezi wa kufunga hakuutaja. Alisema mwezi mtukufu, na muuza tende akimuuliza mwezi gani huo, alimjibu, "Ule tunaofunga. Kwani wewe hufungi?" Nilikuwa nikimchokoza: mama, kabla ya Shawwali unakuja mwezi gani? Alinirushia kandambili. Hakuwahi kunikosa.

Basi kaseti ya mwisho ikasema njooni. Baba alitueleza la kufanya: tuseme tumekuja kutembea wiki tatu, namba yake ya simu tusimpe mtu yeyote uwanjani, yeye atakuwa nje akitungoja. Mama akauza vyote. Akauza cherehani, akauza vitanda, akarudisha chumba kwa mwenye nyumba, akauza mpaka mapazia. Bibi alikuwa ameshazikwa. Kikaratasi chenye namba ya simu alikishonea ndani ya pindo la gauni langu, kwa mshono wa mkono, mdogo mdogo kama nyayo za sisimizi.

Hati zetu zilisema wiki tatu. Masanduku yetu yalisema mengine. Afisa wa pale uwanjani alitoa kibao cha chapati, akatoa sufuria tatu zilizoingiana, akatoa albamu ya harusi na ripoti zangu za shule tangu darasa la kwanza. Mwisho akatoa kinu kidogo cha chuma cha kutwangia iliki. Akakipima mkononi, akauliza mtu wa wiki tatu anatembea na chuma kama hiki kwa kazi gani. Nikamfasiria mama kwa Kiingereza changu cha darasa la sita.

"Mwambie chai haina ladha bila iliki," mama akasema.

Nikamwambia. Hakucheka. Tukapakiwa kwenye vani pamoja na mama mmoja wa Bangladesh aliyekuwa anatapika, tukapelekwa kituo cha kuzuilia wageni. Lilikuwa jengo refu la chini lililowahi kuwa ghala, limepakwa rangi ya maziwa yaliyochacha. Wakatuvalisha zile tepe za mkononi. Taa zake zilikuwa za mirija na zilivuma mchana kutwa kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Kwa dirisha la juu niliona matumbo ya ndege yakipita, na kila moja nilidhani ndiyo yetu.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda kumi vya chuma, na wanawake wote waliokuwemo walitoka Asia, Wachina wengi kuliko wengine. Sisi tuliwekwa humo kwa ajili ya nyuso zetu. Watoto wengine walipelekwa mahali pengine, mimi wakaniacha na mama. Nilijivuna nikidhani wamenipenda. Kumbe nilikuwa mdomo wa mama. Wangeniondoa wangebaki na mwanamke bubu.

Wale Wachina baada ya uji wa asubuhi walikaa wameegemea ukuta, kila mmoja na kikaratasi kidogo, macho wamefumba, midomo inatembea. Nilimwambia mama hawa watu wana dini sana, wanasoma kutwa. Mama akasema uone haya basi, wewe juzuu moja imekushinda. Siku ya nne mmoja wao, dada mwenye kovu kidevuni, aliitwa kwenda kuhojiwa, na kabla hajatoka alikitafuna kile kikaratasi akakimeza. Nikaogopa, nikadhani amekula maneno ya Mungu. Miaka mingi ilipita ndipo nikaelezwa. Walikuwa wanakariri majibu. Nyumba yenu ina ngazi ngapi, jiko liko upande gani, mbwa wa jirani ana rangi gani. Afisa anamuuliza huyu hapa, kisha anamuuliza ndugu yake kule, majibu yakipishana umekwisha. Mtu alikuwa anakariri nyumba yake mwenyewe asije akaikosea.

Mama hakuwa na kikaratasi. Alijua kila kitu cha nyumba yetu mpaka msumari. Swali lililomshinda lilikuwa la kwanza kabisa.

Kwanza walituletea mkalimani wa Kihindi, mzee mmoja nadhifu mwenye tai, kwa sababu walituona Wahindi. Alimsalimu mama kwa Kihindi safi kama cha redioni. Mama akajifunika kichwa vizuri, akamjibu kwa Kiswahili cha Tanga kwamba yeye Kihindi anakijua cha kwenye sinema tu, na kwenye sinema hakuna anayeulizwa hati. Yule mzee akamgeukia afisa akamwambia hii siyo lugha niliyolipwa. Wakamtazama mama usoni, wakamtazama mdomoni, wakamtazama usoni tena.

Afisa aliyetushika sisi alikuwa na tabia ya kubofya kalamu, juu chini, juu chini. Mama akampa jina la Kalamu, na mpaka leo sina jina lake lingine. Kalamu akaweka cheti cha ndoa mezani, akaniambia nimuulize mama mumewe anaitwa nani.

"Baba wa huyu," mama akasema.

Jina lake.

"Mwambie limeandikwa hapo, si anajua kusoma."

Mimi nikasema Ramadhani. Kalamu akaninyanyulia kiganja. Nimemuuliza yeye, akasema, si wewe. Mama akanifinya chini ya meza, akatazama ukuta. Kalamu akauliza tena, pole pole, kama mtu anayezungumza na kiziwi. Akauliza mara ya tatu. Mama alikuwa bado anatazama ukuta.

Leo nikiwaza, namwelewa yule bwana. Mwanamke ameshika cheti cha ndoa na hawezi kutamka jina lililomo. Hata mimi ningemtilia shaka, ningesema karatasi hii ameinunua. Lakini yeye ndiye aliyelipwa kuuliza, na hakuuliza swali moja lililotakiwa, ambalo ni kwa nini. Na mimi, mkalimani wa darasa la sita, sikumweleza, kwa sababu niliamini Wamarekani wanajua. Niliamini wamepata habari za lile gunia la bibi. Nilidhani wanamtaka mama amuue baba kwa ulimi wake, na kwamba mama ananyamaza kama askari aliyetekwa anavyonyamaza. Nilijivunia. Usiku nilimwombea aendelee kunyamaza.

Kalamu alisema Alhamisi ijayo shirika lililotuleta litaturudisha. Ikiwa mama hajaeleza yeye ni nani na amekuja kwa nani, tunapanda.

Sasa nimtaje Mama Ester. Alikuwa mpishi wa pale kituoni, Mkongo wa Bukavu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Mimi tangu tufike nilikuwa nawaamkia shikamoo walinzi wote weusi, maana kwetu mtu mweusi mzima unamwamkia, na wao walinitazama tu, mmoja akanipa peremende akidhani naomba. Siku ya tatu nikamwamkia yule mpishi akiwa anapakua supu ya kabichi. Mwiko ukasimama hewani.

"Ee, mtoto," akasema. "Weye Muhindi, hii Kiswahili ulitoa wapi?"

Tangu siku hiyo alikuja kukaa na mama kila alipomaliza kuosha vyombo, na Kalamu alipogundua akaanza kumtumia yeye badala yangu. Walicheka pamoja, mama na yeye, kila mmoja akikiona Kiswahili cha mwenzake kimepinda. Mama alipomweleza habari ya jina, Mama Ester alijipiga paja.

"Mama, miye kwetu ukikosa kutaja jina ya bwana yako, bale wanawake wengine watalitaja kwa nafasi yako."

"Wako aliitwa nani?"

"Deogratias. Nilimuita mpaka akakimbia." Wakacheka. Kisha Mama Ester akashusha sauti akamwambia amtaje tu, mara moja, Mungu wa Tanga hasikii mpaka huku.

"Mungu ni mmoja, shoga," mama akasema. "Ulimsahau jikoni?"

Mama Ester alikwenda mwenyewe kumweleza Kalamu. Kalamu akasikiliza, akabofya, akasema mila ni jambo zuri lakini haliandikiki kwenye fomu. Alete kitu kingine. Alete mtu. Alete namba ya simu ya huyo mume.

Mama akasema hana namba.

Mimi nilikuwa nimeikalia. Siku mbili nilikaa juu ya ile namba, naipapasa kwa kidole kwenye pindo, na hesabu yangu ya kitoto ilikuwa rahisi sana. Mama akisema jina, baba anakufa. Mama asiposema, tunarudishwa. Lakini mimi nikitoa namba, baba anakuja na gari, anaingia mlangoni, anasema hawa ni wangu, na hakuna mtu anayehitaji kutamka chochote. Niliona nimewapita akili watu wazima wote. Mama alipokwenda kuoga niliufumua ule mshono kwa meno, nikampelekea Kalamu kikaratasi kikiwa bado na mate yangu.

Kesho yake asubuhi aliniita barazani. Akasema wamempata, wameongea naye. Alitaka kuendelea, mdomo wake ulikuwa bado wazi. Sikumngoja. Nilikimbia kwenye ule ukumbi mrefu huku viatu vinateleza, nikamwambia mama baba amepatikana, baba anakuja.

Mama alinitazama kwanza kwa hasira, kwa ajili ya namba. Halafu hasira ikashindwa. Akanawa uso. Akatoa gauni lake la kijani lililokuwa limewekwa kwa ajili ya kufikia, halikuwa limevaliwa bado. Yule dada Mchina mwenye kovu akaelewa bila kuambiwa, akamsuka nywele, akazifunga kwa uzi wa blanketi. Akanipa mimi chungwa lake la asubuhi, akaonyesha mlango kwa kidevu: la baba. Tukaenda kukaa kwenye benchi la ukumbini, mama ameshika mikono mapajani kama bi harusi. Mlango ule wa chuma ulipofunguliwa alinyoosha shingo, ulipofungwa alirekebisha ushungi. Akapita mtu wa takataka. Akapita daktari. Supu ya mchana ikapita, hatukwenda kula. Chungwa likapata joto mkononi mwangu mpaka likaanza kunuka.

Saa za mchana zikiwa zimeanza kulala, akaja Kalamu, na nyuma yake Mama Ester akiwa bado na aproni, mikono imelowa. Wakatuingiza kwenye kile chumba cha meza. Mama Ester hakukaa.

"Mama, kaa."

"Nimekaa."

"Miye siwezi kusema hii maneno." Kalamu akamwambia kitu. Mama Ester akajifuta mikono muda mrefu, mikono iliyokwisha kukauka. "Ile bwana wa simu anasema hana mke. Anasema hana mtoto. Anasema hajafika Tanga hata siku moja, Ramadhani ni wengi, bamemkosea."

Mama akauliza sauti yake ilikuwaje. Mama Ester akasema hakuisikia, Kalamu ndiye aliyepiga.

"Basi si yeye," mama akasema. "Wamepiga kwa watu wengine. Mwambie apige tena, nisikie mimi."

Sijui kwa nini Kalamu alikubali. Labda alitaka yaishe. Akavuta simu katikati ya meza, akabonyeza kile kitufe cha kila mtu kusikia, akapiga. Iliita mara nne. Mtu akapokea, na kabla hajasema halo alikohoa. Kikohozi kifupi cha mara mbili.

Mama alisimama. Alivuta ushungi mpaka kwenye paji, kama alivyokuwa akifanya baba akiingia nyumbani na wageni. Nilidhani atasema baba wa huyu. Nilidhani atasema salamu.

"Ramadhani," akasema.

Sikuwahi kulisikia jina lile kwenye mdomo wake. Lilikuwa kama kumwona hana nguo. Upande wa pili palikuwa na kelele za watu wanaosogeza vitu vizito.

"Ramadhani, mimi Sakina. Niko na mtoto. Ramadhani."

Yule mtu akasema kwa Kiingereza, kile Kiingereza cha kwetu kinachoweka irabu mwisho wa kila neno, kwamba samahani, mmekosea namba.

"Ramadhani," mama akasema mara ya tatu, taratibu, kama anayemalizia kuhesabu.

Simu ikakatika. Ikabaki ile sauti ndefu ya waya. Na mimi, nawaambia ukweli wangu, nilidhani ndiyo roho yake inatoka. Mara tatu, siku tatu, na kumbe alikuwa amebakiwa na hizo tu. Nilimrukia mama nikampiga. Nilimpiga tumboni na mikononi, nikamwambia umemuua baba, umemuua baba yangu. Bangili mbili zilivunjika. Hakunizuia. Mama Ester ndiye aliyenivuta kwa nyuma akanibana kwenye aproni yake iliyonuka kabichi.

"Hajafa," mama akasema. "Angekuwa amekufa ningelia."

Akakaa. Akaokota vipande vya kioo kimoja kimoja, akavipanga mezani mbele ya Kalamu. Kalamu alikuwa ameacha kubofya.

Alhamisi ndege iliondoka bila sisi. Kalamu aliandika nini kwenye faili lake sikujua, ila naamini alikisikia kile kikohozi, na aliona kilivyombadilisha mama uso. Kanisa la Mama Ester lilimtafuta mwanasheria, mama mmoja mkali mwenye baiskeli, na wiki ya tatu tukatoka kwa dhamana ya kungoja kesi. Kesi yenyewe ilikula miaka tisa. Waislamu sisi, tukatolewa na watu wa Jumapili, na sijawahi kusahau. Mama Ester alituweka kwenye besmenti, chumba cha chini ya nyumba yake, Temple Hills, na mwezi wa kufunga ukatuingilia humo katikati ya baridi. Siku ya kwanza mama aliniamsha daku akasema, amka, Ramadhani imeingia. Alilisema waziwazi, alilitafuna kama mtu anayetafuna mfupa, na tangu mwaka ule hakuutaja mwezi kwa jina lingine.

Kwa kile kinu cha iliki na zile sufuria tatu akaanza kupika. Kachori, bajia, sambusa. Alimuuzia Mkongo, akamuuzia Mrundi, akamuuzia Mtanzania mwenye sherehe, Mkenya mwenye msiba. Shule nilikwenda kwa kuchechemea mpaka sheria iliponiruhusu kuacha, na nikaacha siku hiyo hiyo. Mwalimu aliniandikia barua ndefu ya kunisihi. Barua niliifungia kachori. Sijuti. Waliobaki darasani wengine wao leo wananiomba kazi, na ninawapa, lakini wafike mapema.

Baba nilimwona mara moja. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimepewa kulisha harusi huko Arlington, watu mia tatu, nikiwa mwenyewe nyuma ya meza napakua biriani. Mzee akanyoosha sahani. Nilimjua kabla sijamwangalia, kwa sababu alikohoa. Na yeye alinijua, nina uso wa mama yake.

"Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi zao za uhamiaji kwamba sina mke," akasema, kwa Kikachi, chini chini, kana kwamba tulikuwa tumeanza mazungumzo jana. "Ningesema ninyi ni wangu, tungerudishwa wote watatu."

Labda ni kweli. Nimelipima neno lake miaka mingi na mara nyingine naona lina uzito. Lakini angeweza kuniuliza mimi hali. Angeweza hata kukohoa tena.

"Mzee, sogea na sahani yako," nikamwambia. "Watu wamesimama nyuma."

Mama alikuwa jikoni siku ile. Nilimwambia nimemwona. Alikuwa anasukuma chapati, hakusimama. Akauliza, amekonda? Nikasema amenenepa. Akasema alhamdulillahi, na mpaka amekufa sikujua alikuwa anamshukuru Mungu kwa lipi.

Wiki mbili baada ya kumzika, alikuja kijana kutoka msikitini na ujumbe. Mzee Ramadhani anaumwa, figo, hana mtu. Anaomba radhi. Anaomba siku yake ikifika azikwe karibu na marehemu. Nilimpa yule kijana chai, nikamwambia nimesikia.

Nina nyumba ya matofali Temple Hills, vyumba vinne, na besmenti ambayo sijampangisha mtu. Nina jiko la biashara Landover lenye makaango matatu makubwa, majokofu mawili na leseni ukutani. Nina vani mbili, moja imelipiwa yote. Nina wafanyakazi kumi na mmoja, Mama Ester akiwa amekaa kwenye kiti anawasimamia bila kuombwa. Nina watoto wawili wanaonijibu kwa Kiingereza na kula kwa Kiswahili. Nina uraia. Nina viwanja viwili makaburini, alipolala mama na pa kwangu. Cha tatu kilikuwepo, pembeni ya mama upande wa kulia, na mwenye makaburi aliniuliza kama nakitaka. Nilimwambia auze.